Kompyuta Inapofika Zahanati

Katika zahanati nyingi za miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, kompyuta ya kwanza hufika ikiwa ndani ya boksi lisilo na maelezo ya Kiswahili. Huletwa na halmashauri, na mradi, na parokia, au na mtoto wa kijiji aishiye ughaibuni ambaye hakusahau alikozaliwa. Hupokewa kwa furaha, huwekwa juu ya meza iliyo karibu na soketi, kisha kijana mmoja, kwa kawaida yule anayesemekana kuwa anaijua kompyuta, huombwa aiwashe. Kioo kikiwaka, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Kwa jicho la tabibu, hapo ndipo kazi inapoanza. Na uchukuliwe mfano mmoja. Mama mjamzito anafika kliniki na kueleza kwamba hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 3 Mei. Muuguzi anaiandika tarehe hiyo katika Kitabu cha 6 cha MTUHA, kisha anachapa 3/5 katika jedwali la kompyuta. Kompyuta hiyo iliandaliwa kwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Inasoma 5 Machi. Haitoi mlio wala onyo, kwa kuwa 5 Machi ni tarehe halali kabisa. Tofauti iliyozaliwa hapo ni siku 59, yaani wiki nane na siku tatu. Katikati ya Desemba jedwali litaonyesha kwamba mimba imetimiza wiki 41, na mama huyo atashauriwa aende hospitali akaanzishiwe uchungu. Kwa hakika mimba yake ina wiki 32 na siku chache. Mtoto wa wiki 32 ni njiti: mapafu yake hayajakomaa, hajui kunyonya vizuri, na joto la mwili linamtoka upesi katika hewa ya baridi ya mlimani.

Daktari makini atalishuku jambo hilo kwa kupima kimo cha mfuko wa uzazi, au kwa kulinganisha na kipimo cha utrasaundi ikiwa kilifanyika mapema. Lakini kosa lilipandwa miezi mingi kabla, siku ambayo mtu alibonyeza kitufe cha "endelea" bila kusoma kilichokuwa kwenye kioo. Kwa sababu hiyo, maarifa ya msingi ya kompyuta hayawezi kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao. Mhudumu wa afya anayejua kuchemsha vyombo na kusoma kipimajoto anaweza pia kuelewa mashine hii kwa kiwango kinachotosha kuilinda, na kumlinda mgonjwa dhidi yake.

Vilivyomo ndani ya kasha

Kompyuta ni muungano wa vitu viwili visivyofaa kimoja bila kingine: vifaa vinavyoshikika, ambavyo wanaisimu wetu huviita maunzi, na programu, yaani maagizo yasiyoshikika yanayoviambia vifaa hivyo la kufanya. Kuna watu wanaopenda kuilinganisha na mwili wa mwanadamu, wakisema prosesa ni ubongo na pawasaplai ni moyo. Ulinganisho huo unafurahisha, lakini unapotosha, maana ubongo hukumbuka, na prosesa haikumbuki chochote. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni chumba cha kutunzia mafaili ya wagonjwa.

Katika chumba hicho yupo karani. Huyo ndiye prosesa: hupokea agizo, hulitekeleza, hupokea jingine, kwa kasi ya mabilioni ya hatua katika sekunde moja. Mbele ya karani ipo meza. Meza hiyo ni RAM, kumbukumbu ya muda, ambamo hukaa kila kinachofanyiwa kazi kwa wakati huo. Nyuma yake zimo rafu za mafaili. Hizo ndizo diski, kumbukumbu ya kudumu. Meza ikiwa ndogo, karani hulazimika kuinuka kila mara, arudishe faili moja rafuni ndipo achukue jingine. Hiyo ndiyo sababu kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 huonekana mzito hata kama prosesa yake si mbaya, na kuiongezea RAM mara nyingi huiponya kwa gharama ndogo kuliko kununua mashine mpya. Jambo la pili ni zito zaidi. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa juu ya meza hutoweka, na kilichokuwa rafuni hubaki. Kuagiza kompyuta ihifadhi kazi ni kumwamuru karani atoe nakala ya kilichopo mezani na kuipeleka rafuni. Muuguzi aliyeingiza majina arobaini bila kuhifadhi, kisha umeme ukakatika, hakuibiwa na mtu; majina yale hayakuwahi kufika rafuni.

Diski zipo za aina mbili. Ya zamani ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa kubebwa na tabaka jembamba mno la hewa. Ya kisasa, iitwayo SSD, haina kitu chochote kinachozunguka. Ina kasi zaidi na hustahimili mtikisiko wa gari katika barabara za vumbi. Kwa wakazi wa Kilimanjaro diski ya zamani ina kisa cha pekee. Kwa kuwa kichwa chake hutegemea hewa ili kisiguse sahani, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi karibu na mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vyote vya vihamba vipo chini ya hapo, kwa hiyo zahanati hazina la kuhofia. Lakini kituo cha Horombo kipo mita 3,720, na Kibo ni juu zaidi ya mita 4,700. Aliyepanda na kompyuta ya diski ya kuzunguka hadi huko amekipeleka kifaa mahali ambapo, kama baadhi ya wapandaji, kinaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko.

Vyote hivyo hupachikwa juu ya ubao mkuu, ambao huviunganisha kama barabara ziunganishavyo vijiji. Kioo, kibodi, kipanya na printa ni milango ya kuingizia na kutolea taarifa. Hakuna haja ya kuvieleza sana, isipokuwa kusema kwamba waya zake zimetengenezwa kwa maumbo tofauti makusudi, kila plagi na tundu lake. Plagi isiyoingia kwa nguvu ndogo ya vidole haiko mahali pake. Kuisukuma ni kuvunja.

Ipo pia betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, yenye maandishi CR2032. Ni ile ile inayotumika katika baadhi ya mashine za kupimia sukari ya damu. Habari yake inakuja mbele.

Umeme kwanza

Nchini Tanzania umeme wa majumbani ni wa volti 230. Marekani ni takriban volti 120. Kompyuta nyingi za msaada hutoka huko, na katika pawasaplai za zamani, nyuma ya kasha, pana swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Swichi hiyo ikiwa imebaki kwenye 115, mashine ikachomekwa katika soketi ya Moshi, husikika mlio kama wa fataki, hunuka moshi, na safari ya kompyuta iliyovuka bahari huishia hapo. Kuisogeza swichi kwa ncha ya bisibisi huchukua sekunde mbili. Pawasaplai mpya huandikwa 100–240 na hujirekebisha zenyewe. Kwa vyovyote vile, maandishi hayo husomwa kabla ya waya kugusa ukuta. Ni kanuni ile ile ya kusoma lebo ya chupa kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Hatari nyingine ni umeme wenyewe kupanda na kushuka. Kukatika hakuleti madhara makubwa kama kurudi kwake, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo. Stabilaiza husawazisha volti. UPS ina betri ndani yake na huendelea kutoa umeme kwa dakika kadhaa baada ya kukatika. Dakika hizo si za kuendelea na kazi. Ni za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Wapo wanaochomeka printa ya leza na jiko la umeme kwenye UPS hiyo hiyo, kisha wakalalamika kwamba ni mbovu. Mzigo huo haikuumbiwa. Na betri yake huzeeka hata isipotumika, hivyo UPS isiyowahi kujaribiwa kwa miaka minne haina budi kushukiwa.

Zahanati inayotegemea sola ifikirie kompyuta ya mkononi kabla ya ile ya mezani. Ya mkononi hutumia umeme kidogo, kwa kawaida haizidi wati 65, na betri yake ni UPS iliyokwisha kujengwa ndani. Ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kutumia mara mbili au tatu ya hapo. Fedha ya kununulia paneli za ziada ingeweza kuendesha jokofu la chanjo, na baina ya jokofu la chanjo na kompyuta hakuna mashindano: jokofu lipewe kwanza.

Wakati wa masika, radi zinapopiga juu ya migomba, kinga iliyo bora ni kuchomoa. Waya wa umeme uchomolewe ukutani, na waya wa mtandao pia, maana watu huukumbuka wa kwanza na kuusahau wa pili. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi, hasa katika ukanda wa chini wa mkoa. Hulala juu ya feni kama blanketi, joto hushindwa kutoka, na mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Kompyuta inayojizima kila baada ya nusu saa huenda haina ugonjwa wowote ila homa. Ikizimwa na kuchomolewa, kasha likafunguliwa, vumbi likatolewa kwa brashi laini, mara nyingi hupona. Mafundi hukuta humo pia mende, na mijusi waliofuata joto la pawasaplai.

Programu na umri wake

Mashine ikiwaka, programu ya kwanza kuamka ni ile ndogo iliyochomwa katika ubao mkuu. Hukagua kama RAM ipo, kama diski ipo, kama kibodi ipo, mfano wa muuguzi akaguaye vifaa kabla ya upasuaji. Ikikosa kitu hutoa mlio au kuandika ujumbe kwenye kioo. Ujumbe huo watu huupuuza kwa kuwa ni wa Kiingereza, ilhali ukinakiliwa ulivyo na kusomewa fundi kwa simu, huweza kuokoa safari ya siku nzima hadi mjini.

Baada ya ukaguzi, hukabidhi kazi kwa mfumo endeshi: Windows katika ofisi nyingi, Linux katika baadhi. Mfumo endeshi ndio unaogawa meza na rafu kwa programu nyingine zote, iwe ya kuandikia barua, ya majedwali, au kivinjari kinachofungua mtandao. Juu yake ndipo huja mifumo ya afya. Taarifa za MTUHA zilizokusanywa vitabuni huingizwa katika DHIS2, mfumo wenye chimbuko lake katika ushirikiano wa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo. Na vituo vingi vya Serikali hutumia GoT-HoMIS kwa kuandikisha wagonjwa, dawa na malipo.

Tanzania haikuanza jana na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya matumizi yake kuleta hasara na vurugu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ililelewa katika miaka hiyo ya makaratasi. Miongo minne baadaye hali ilikuwa imegeuka: kuanzia mwaka 2010, kupitia mpango wa MEPI uliofadhiliwa na Marekani, chuo cha udaktari cha KCMC kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke kiliimarisha mtandao na maabara ya kompyuta, na wanafunzi wakaanza kupokea masomo yao kwenye vioo. Lugha nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kitupu. Windows ina sura ya Kiswahili pia. Ofisi nyingi haziitumii, zikidai kwamba maneno yake ni magumu, hoja ambayo ingekuwa na nguvu zaidi kama maneno ya Kiingereza yangekuwa yanaeleweka.

Programu huzeeka. Watengenezaji huendelea kuziba mianya inayogunduliwa, kisha siku moja hutangaza mwisho. Windows 7 ilifikia mwisho huo tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mfumo uliokoma huendelea kuwaka kama kawaida, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Windows 11 nayo huhitaji RAM isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kabla ya kupokea msaada wa kompyuta ishirini, mkuu wa kituo ana haki ya kuuliza swali moja la adabu: je, zinaweza kubeba mfumo ambao bado unatunzwa? Kama haziwezi, Linux, ambayo haiuzwi na huridhika na vifaa vya kawaida, itazipa miaka mingine ya kazi, mradi awepo mtu wa kuifundisha.

Tarehe, saa na mahali

Hatua inayopitwa haraka kuliko zote wakati wa kuandaa kompyuta mpya ni ile inayouliza nchi, lugha na saa. Mashine hutoka kiwandani ikidhani ipo Marekani. Katika orodha ya majira, chaguo la Tanzania huandikwa kwa jina la Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kwa mpangilio wa tarehe, mwandaaji achague Kiswahili cha Tanzania, au Kiingereza cha Uingereza, ambavyo vyote hutanguliza siku. Hilo likifanyika siku ya kwanza, yule mama wa 3 Mei yu salama. Likifanyika baada ya miezi sita, tarehe zilizokwisha kuingia vibaya hazijisahihishi. Zitalazimika kulinganishwa na kitabu, moja baada ya nyingine.

Ipo dalili ya kutambua jedwali lililoambukizwa kosa hili. Tarehe kama 25/3 haiwezekani katika mpangilio wa Marekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo kompyuta huiacha kama maandishi na kuisogeza upande wa kushoto wa kisanduku, wakati tarehe inazozielewa huzipanga kulia. Safu ya tarehe ambamo baadhi zimelala kushoto na baadhi kulia haina ubaya wa sura tu. Zilizo kushoto ndizo sahihi, na zilizo kulia ndizo za kushukiwa. Tiba ya kudumu ni kuandika mwezi kwa jina pale programu inaporuhusu, na kutanguliza mwaka kwa tarakimu nne pale isiporuhusu.

Saa ina mtego wake, na huu ni wetu wenyewe. Mswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza. Mtoto akizaliwa saa nane usiku, kompyuta hutaka 02:00. Mhudumu aliyechoka huandika 08:00, na hakuna anayegundua, maana watoto huzaliwa saa zote. Lakini iwapo mtoto huyo ataonekana na manjano kesho yake saa mbili na nusu asubuhi, rekodi itasema ametimiza saa 24 na nusu, na manjano ya siku ya pili yanaweza kuwa ya kawaida. Ukweli ni kwamba ana saa thelathini na nusu. Hapo kosa limeelekea upande mmoja. Likigeuka, hatari huongezeka: mtoto wa saa nane mchana, yaani 14:00, aliyeandikwa 08:00, atahesabiwa kuwa na saa sita zaidi ya umri wake. Manjano yatakayoonekana akiwa na saa ishirini yatasomeka kama ya saa ishirini na sita. Manjano yanayotokea kabla ya saa 24 daima huhitaji uchunguzi wa haraka, na fursa hiyo itapotea kwa tofauti ya tarakimu mbili. Karatasi iliyobandikwa juu ya kioo, yenye saa zetu upande mmoja na za kompyuta upande wa pili, ni kifaa cha tiba kisicho na gharama.

Sasa ile betri ya sarafu. Kazi yake ni kuendesha saa ya ndani wakati kompyuta imezimwa na kuchomolewa. Baada ya miaka kadhaa huisha, na kila asubuhi mashine huamka ikidhani ni siku iliyowekwa kiwandani, miaka mingi iliyopita. Dalili ya kwanza wanayoiona watumishi si saa, bali mtandao: kivinjari hukataa kufungua DHIS2 kikidai kwamba tovuti si salama, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, na kwa kompyuta iliyopotea katika wakati vyeti hivyo havijaanza kutumika. Ripoti ya mwezi huchelewa, simu hupigwa, lawama huangukia kampuni ya mtandao. Dawa yake ni betri inayouzwa katika maduka ya saa.

Maambukizi na siri

Kwa wahudumu wa afya, kueleza virusi vya kompyuta ni kazi rahisi. Ni programu inayojinakili na kusafiri kutoka mashine moja hadi nyingine, na katika mazingira ya Moshi mbebaji wake mkuu ni flashi. Flashi inatoka ofisini, inapelekwa steshenari ya mjini kuchapishiwa barua, inarudi ofisini. Steshenari hiyo kwa siku moja imepokea flashi za watu makumi. Hakuna muuguzi atakayetumia sindano moja kwa wagonjwa makumi, lakini wengi hufanya hivyo kwa flashi bila kusitasita. Flashi ya kazi isitoke kituoni. Barua ya kuchapisha itumwe kwa njia nyingine, au ipewe flashi yake isiyobeba taarifa za wagonjwa.

Ushahidi wa madhara upo. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia. Huduma ya afya ya Uingereza, iliyo tajiri kwa kila kipimo cha hapa, iliathirika katika takriban theluthi moja ya taasisi zake 236 nchini Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Dawa ya mwanya ule ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Hospitali zilizougua ni zile ambazo hazikuwa zimeipakua na kusasisha mifumo yao.

Kuhusu siri, sheria imekwisha kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Katika zahanati ya kijijini, ambako mpokezi, mgonjwa na mhudumu wa usafi huenda wakawa wa ukoo mmoja, kioo kinachoelekea benchi la wagonjwa ni uvunjaji wa siri hata kabla ya mtu kugusa kibodi. Kigeuzwe. Kila mtumishi awe na jina lake la kuingilia na nywila yake, na akiinuka aufunge mlango. Kwa Windows ni kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L. Nywila moja ya watu wote, iliyoandikwa chini ya kibodi, huondoa uwezekano wa kujua ni nani aliyefungua faili la nani. Na akaunti ya kazi za kila siku isiwe ile yenye mamlaka yote, kwani kirusi hupata mamlaka ya yule aliyekifungulia mlango.

Nakala

Diski zote hufa. Hakuna fundi anayeweza kutaja siku, ila kila diski inayo. Kwa hiyo taarifa iliyopo mahali pamoja tu ihesabiwe kuwa imekopwa. Utaratibu unaokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, kwa kuwa mwizi na moto havichagui kati ya kompyuta na diski ya ziada iliyowekwa kando yake. Nakala ya nje iwe imefungwa kwa nywila, itunzwe mahali panapojulikana kwa maandishi, na isikae katika mkoba wa mtu mmoja anayeweza kuhamishwa wilaya. Vitabu vya MTUHA navyo ni nakala, na kwa mazingira ya mlimani ni nakala bora kuliko nyingi: havihitaji umeme wala kusasishwa. Kituo kinachoviacha mara tu kompyuta inapofika kimefanya haraka.

Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nakala. Mara moja kwa mwezi, siku isiyo na kliniki, diski ya akiba ichomekwe katika kompyuta nyingine, faili lifunguliwe, atafutwe mama wa mwisho kuandikishwa, na tarehe yake ya hedhi ya mwisho ilinganishwe na ile ya wino katika Kitabu cha 6. Kazi hiyo huchukua muda usiozidi wa kuchemsha chai. Zikilingana, diski hurudishwa ilikotoka, na aliyejaribu huandika tarehe na jina lake kwenye daftari, mwezi kwa maneno.